Swali Lililokaa Kwenye Dirisha Jeusi

Kituoni, 11 Januari

Bi Picha,

Nimefika salama, mgongo ndio bado uko njiani. Baada ya basi, siku mbili ndani ya lori la mizigo, nimekalia katoni za sabuni, na dereva hana habari kabisa na mashimo.

Mahali penyewe ni uwanda mtupu wenye masahani makubwa ya chuma yaliyotazama juu. Kazi yake ni kusikiliza anga, na sauti za huko ni ndogo mno hivi kwamba simu moja tu ya mkononi ikiwashwa huku inazifunika. Simu zetu zote zimefungiwa kwenye kizuizi cha barabarani. Waya wa mtandao upo, lakini ni wa kazi tu, na wanaukagua. Ndiyo maana unanisoma kwa wino. Lori huja na kuondoka kila Alhamisi ya pili, kwa hiyo usishangae barua ikikawia wiki mbili.

Mashine ninazozitunza hazina kipanya wala vijipicha. Ni skrini nyeusi na maandishi meupe. Unaandika amri, inatii au inakataa. Mimi hapo ndipo kwangu. Natumaini na wewe unafuata daftari nililokuachia. Ile Linux niliyokuwekea kwenye kompyuta ya studio ina vidude vya kubonyeza, najua, lakini vidude hubadilika kila wakiamka waliovitengeneza. Amri haibadiliki, na naweza kukuandikia kwenye barua ikafika ilivyo. Kubonyeza nitakuandikiaje? "Nenda juu kulia, hapana, kulia zaidi"?

Fungua dirisha jeusi la amri kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Usiulize kwa nini.

Kituo cha basi tuliagana kama watu waliokutana kwenye foleni. Najua nilikosea kuipokea kazi hii kabla ya kukuuliza. Nawe ukasema "nenda" huku unaangalia tiketi. Haya, miezi sita si mingi.

Fundi


Studio, 27 Januari

Fundi,

Barua yako imefika na alama ya tairi juu yake. Nimeisoma mara mbili, na ya tatu nikiwa na mteja kwenye kiti, akaniuliza kama picha yake tayari.

Sisi wazima. Taa ya kushoto nimeibadilisha mwenyewe. Mdogo wangu huja mchana baada ya chuo kunisaidia kukata picha. Yule mzee wa pembeni, kinyozi, anauliza umeenda wapi, nikamwambia umeenda kusikiliza nyota, akasema afadhali wewe una sababu, wengine huondoka tu.

Dirisha jeusi nalifungua kila asubuhi kama ulivyosema. Daftari lako liko karibu na printa.

Kula vizuri. Ukiandika niambie unalala wapi, maana sijui nikufikirie ukiwa chumba gani.

Bi Picha


Kituoni, 12 Februari

Dada, shikamoo.

Najua hupendi barua ndefu, lakini sina mwingine wa kumwambia. Kabla ya kuondoka nyumbani niliandika swali kwenye kompyuta ya studio. Nimelipanga hivi kwamba wifi yako akifungua tu dirisha la kuandikia amri, linatokea lenyewe, juu kabisa, mistari mitatu. Nimemwambia kwamba mkataba huu ukiisha watanitaka nisaini miaka mitatu mingine, na kwamba yeye akisema nirudi, narudi. Mwisho nimemuuliza: nirudi?

Ameniandikia. Anasema analifungua dirisha hilo kila asubuhi. Kuhusu swali, kimya kama maji mtungini. Analiona kila siku ya Mungu, halafu ananieleza habari za taa.

Usimwambie kitu. Nikimuuliza kwenye barua atasema ndiyo kwa huruma, au atasema ndiyo ili yaishe. Nataka lije lenyewe. Saini yangu wanaitaka mwezi wa tano.

Mdogo wako


Nyumbani kwa Dada, 28 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Mwanamume mzima na ndevu zako, unamwandikia mkeo kwenye mashine kana kwamba mdomo uliuacha kwa fundi mwenzako. Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo. Akitaka chai alikuwa anakohoa.

Nimepita studio Jumamosi kwa ajili yako. Amekonda kidogo lakini amependeza. Yuko mbele ya hiyo kompyuta kutwa nzima, anabonyeza, anaangalia, anabonyeza. Kwa hiyo kama umeandika humo, ameona. Haiwezekani asione. Sikumuuliza kitu, nimekula kiapo chako cha kipumbavu.

Ushauri wangu ni huu: chukua kalamu, muulize. Ukikataliwa utakuwa umekataliwa na mtu, si na kompyuta.

Dada yako


Studio, 1 Machi
(haikutumwa)

Fundi, mume wangu,

Hii nitaiandika yote halafu nione kama nina ubavu wa kuituma.

Sifungui dirisha jeusi. Nilifungua siku ya tatu baada ya wewe kuondoka, nikanakili amri kutoka kwenye daftari lako, ile ya kufuta picha za majaribio. Mwandiko wako umesongamana kama watu mlangoni. Niliweka nafasi mahali pasipo na nafasi, na mashine ikaelewa nifute kila kitu kwenye folda. Picha arobaini na moja za harusi ya binti wa kinyozi. Haikuniuliza hata "una uhakika, mama?" Ilikaa tu inapepesa, kana kwamba imenisaidia. Nilikwenda kwa yule mzee kumwambia mwenyewe, na alinipa pole mimi, hapo ndipo nilipolia.

Siku ile nilikuwa na haraka, na juu kulikuwa na maandishi yako yale ya kujitangaza ambayo mashine zako huwa nayo kila ukifungua, sikuyasoma hata. Tangu siku hiyo sijaligusa. Mdogo wangu amenionyesha vijipicha. Kipanya kikitupa kitu, kinakiweka kwenye pipa, na unaweza kukiokota. Natembea kwa macho na mkono, na kazi inakwenda. Daftari lako liko chini ya mguu mfupi wa printa.

Siwezi kukwambia, kwa sababu kila barua yako inauliza habari za amri, na naona ni namna yako ya kuuliza habari zangu. Nikisema sizihitaji utadhani sikuhitaji wewe. Na nakuhitaji. Upande wako wa kitanda naweka nguo za kupiga pasi ili usionekane mtupu. Nangoja Alhamisi kama mgonjwa anayengoja daktari.

Lakini sitamwomba mtu arudi nyumbani kwake. Uliondoka bila kuniuliza, na ukitaka kurudi, mlango unaujua.


Studio, 2 Machi

Fundi,

Asante kwa barua, ingawa ya mwisho ilikuwa nusu ukurasa na nusu yenyewe habari za feni. Hapa kazi ni nyingi. Dirisha lako jeusi halijambo, tunaelewana.

Shule ya jirani imenipa kazi ya vitambulisho, wanafunzi mia tatu na kumi na mbili. Nitaanza kuwapiga picha baada ya likizo.

Bado hujaniambia unalala wapi.

Bi Picha


Kituoni, 19 Machi

Bi Picha,

Nalala bwenini, kitanda cha pili kutoka mlangoni, karibu na dirisha linalogoma kufunga. Mwenzangu wa kitanda cha jirani ni seremala, anakoroma kwa mpangilio. Sasa unajua.

Hongera kwa kazi ya shule.

Swali langu unaliona kila asubuhi. Nimengoja wiki kumi. Sitalirudia kwenye karatasi, kwa sababu mtu akinyamaza kwa jambo kama lile, kulirudia ni kumlazimisha. Lakini ningependa angalau kujua kama umelisoma.

Fundi


Studio, 4 Aprili

Fundi,

Swali lako nimelisoma. Nipe muda kidogo, nalifikiria.

Picha za shule zimekamilika. Watoto wawili walifumba macho mara sita mfululizo, mmoja kwa makusudi. Sasa nina tatizo. Kamera imezipa picha namba zake za ajabu, na shule inataka kila picha iitwe kwa jina la mwanafunzi. Majina wamenipa kwenye faili moja, kwa mpangilio uleule niliowapiga. Nifanyeje?

Nimekuona kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni. Ziba hilo dirisha hata kwa gazeti.

Bi Picha


Kituoni, 20 Aprili

Bi Picha,

Muda nimekupa. Ila ujue wangu unaishia katikati ya Mei.

Sasa kazi ya shule. Nimeifikiria siku nzima nikiwa juu ya ngazi, na nitakwambia kitu ambacho wenzangu hapa wakikisikia watanicheka. Usifanye yote kwenye dirisha jeusi. Kukata nyuso, kunyoosha kichwa, kupunguza mwanga, hayo fanya kwa kipanya, taratibu, moja moja, kwa sababu uso lazima uuone. Hakuna amri inayojua kama mtoto amefumba macho. Nimekaa huku na maandishi matupu miezi mitatu, na nakuapia nimechoka kutoona kitu.

Lakini majina mia tatu na kumi na mbili huna haja ya kuyaona. Ukibadilisha moja moja kwa kubonyeza utamaliza kidole, na ukifika la mia mbili utakosea, utampa mtoto jina la mwenzake. Hapo ndipo amri inapofaa. Nimekuandikia mstari mmoja nyuma ya karatasi hii, kwa herufi kubwa. Kila penye nafasi nimechora duara dogo, pasipo na duara usiache nafasi hata ya unywele. Na kabla ya yote, nakili folda nzima kwa kipanya uweke pembeni. Ikiharibika, unayo nyingine.

Ningekuwepo ningekaa nyuma ya kiti chako tu, nisishike chochote.

Fundi


Kituoni, 15 Mei

Bi Picha,

Lori la jana limeleta unga, balbu, na gazeti la mwezi uliopita. Halikuleta barua yako.

Nimesaini leo. Mkuu wa Kituo alikuja na karatasi mwenyewe, akasimama, nikaona haina maana kumsimamisha. Uliniomba muda. Nimekupa miaka mitatu.

Waliosaini wanahamishwa kutoka bwenini na kupewa nyumba ya vyumba viwili. Sijui cha pili nitakifanyia nini.

Sina hasira. Nilidhani nitakuwa nayo. Nina kitu kingine ambacho kinakaa hapa kifuani na hakiondoki hata nikila. Usinijibu kwa haraka, hakuna tena haraka.

Fundi


Studio, 16 Mei

Mume wangu,

Naomba barua hii uisome umekaa.

Nyuso nilimaliza wiki iliyopita. Majina niliyaanza kwa kipanya, kwa ukaidi wangu, na asubuhi nzima nikapata arobaini, na huyo wa thelathini na saba ni msichana mwenye jina la kiume. Leo nikapiga moyo konde. Nimenakili folda kama ulivyosema, nikaweka karatasi yako ubavuni, nikafungua dirisha jeusi kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Ndiyo, kwa mara ya kwanza. Nilikudanganya. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya tarehe mosi Machi ambayo sikuituma, humo utakuta sababu. Na uliponiandikia habari za swali, nilidhani ni zoezi kwenye daftari lako. Nililitoa chini ya printa nikalipekua lote, nikakosa, nikaona aibu kusema sijui. Nikaandika kwamba nimelisoma. Mkono huu huu.

Mistari mitatu, Fundi. Ilikuwa inaningoja pale kila asubuhi, na mimi napita pembeni na kipanya changu.

Nilikaa. Mteja akaingia, nikamwambia arudi baadaye. Halafu nikafanya kitu cha kijinga, nikaandika hapo chini, ndiyo. Mashine ikanijibu kwamba haijui amri hiyo.

Nimekimbia posta, lori liliondoka juzi. Nimepiga ile namba ya dharura ya kituoni uliyoniachia. Mlinzi akaniuliza nani amefariki. Nikasema hakuna aliyefariki, nataka tu kumwambia mume wangu neno moja. Akasema laini ni ya misiba, akakata. Ningeweza kumtaja mjomba wangu, lakini nilishindwa kumuua mtu mzima ili niongee nawe.

Rudi. Nataka urudi. Sikutaka uondoke hata ile siku ya tiketi. Nilisema nenda kwa sababu ulikuwa umeshaamua, na sikuona nitapata nini kwa kusema jingine. Kama hujasaini, usisaini.

Mkeo


Kituoni, 31 Mei

Mke wangu,

Barua yako na yangu zimepishana njiani, nadhani kwenye lile daraja ambapo malori mawili husubiriana. Ya kwangu umeshaisoma. Naomba uichome.

Yako nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za sahani la tisa, na nilipofika kwenye "haijui amri hiyo" seremala aliniuliza kama nina habari mbaya. Nilicheka na kulia kwa pamoja mbele ya watu. Sijali.

Hukukosea peke yako. Mimi nililiweka swali la maisha yetu mahali ambapo mimi ndiye napenda kukaa, nikajiambia kwamba asiyelijibu hanipendi. Dada alinionya kwa lugha ambayo sitairudia. Na harusi ya binti wa kinyozi ni mwandiko wangu ulioifuta. Nikija nitakwenda kwake mwenyewe.

Sasa sikiliza. Nimekwenda kwa Mkuu wa Kituo. Mwanzoni alisema saini ni saini. Nilipokaa bila kuondoka akafungua kitabu cha kanuni. Kuna kifungu: mkataba wa miaka mitatu unaweza kufutwa ndani ya siku arobaini na tano endapo mke wa mfanyakazi ataandika, kwa mkono wake, kwamba hakuulizwa. Siku zinaisha tarehe 29 Juni. Ukituma kwa lori la kwanza baada ya kupata hii, itafika tarehe 27.

Andika tu hivyo. Sentensi moja, kwamba sikukuuliza, na jina lako chini. Usieleze chochote. Huyu Mkuu si mtu mbaya ila ni mtu wa karatasi.

Nimeshahamishiwa kwenye ile nyumba. Chumba cha pili sijakifungua. Nalala cha kwanza, kitanda kiko upande wa kushoto wa mlango, nakuambia ili ujue pa kunifikiria.

Mumeo


Studio, 13 Juni

Mkuu wa Kituo,

YAH: MKATABA WA FUNDI WA MITAMBO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mke wa fundi aliyetajwa. Ninaendesha studio ya picha. Ninaandika kuhusu kifungu chenu kinachoruhusu mkataba kufutwa iwapo mke hakuulizwa. Mume wangu amenielekeza niandike sentensi moja, kwamba hakuniuliza, nisieleze chochote. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne na nimeichana mara nne.

Mheshimiwa, aliniuliza. Aliniuliza tangu mwezi wa kwanza, kwa maandishi, kwenye kompyuta ya studio, na alisema wazi kwamba nikitaka arudi atarudi. Sikuliona swali kwa sababu lilikuwa mahali ambapo niliogopa kuingia, na nilipoulizwa kama nimelisoma nikasema ndiyo, wakati sijalisoma. Alisaini akiamini nimenyamaza kwa hiari yangu. Nimemdanganya mume wangu miezi mitano, na huo uongo ndio uliotufikisha kwenye meza yako. Siwezi kuuponya kwa mwingine, tena wenye muhuri.

Kwa hiyo kama kanuni inataka mke ambaye hakuulizwa, mimi siye. Mimi niliulizwa, nikachelewa kujibu. Kama kitabu chako kina kifungu cha watu wa namna hiyo, naomba kitumike. Kama hakina, naelewa kwamba unaweza kukataa, na kwamba mume wangu atasikitika kwamba nilishindwa kuandika uongo mmoja mdogo ambao ungemleta nyumbani. Mimi mwenyewe nasikitika wakati naandika.

Sina kielelezo cha kuambatisha. Yeye si mgonjwa, mimi si mgonjwa, kazi yake anaifanya vizuri na najua mnamhitaji. Ninachoweza kueleza ni kwamba akiwa nyumbani huniletea kiti kabla sijajua kwamba nimechoka, na kwamba tangu aondoke nakaa nimesimama. Nimejaribu kuzoea. Watu waliniambia mwezi wa tatu ndio mgumu, halafu inapungua. Huu ni wa sita na haijapungua.

Namtaka mume wangu nyumbani. Sijui kama kiofisi hiyo ni sababu inayotosha, lakini sina nyingine.

Wako mtiifu,
Mke wa Fundi wa Mitambo